Firimbi, Ukuta na Bili ya Jumatatu

Jumatatu moja asubuhi, kabla hata sijavua jaketi, bosi aliniita ofisini mwake akageuza skrini ya tarakilishi ili nisome. Ilikuwa barua pepe kutoka kwa kampuni iliyotuuzia laini za simu. Kati ya Ijumaa usiku na alfajiri ya Jumatatu, ofisi yetu ya watu tisa ilikuwa imepiga simu mfululizo kwenda nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jamaa huko. Simu kumi kwa wakati mmoja, usiku kucha. Soja wa geti aliapa kwamba hakuna mtu aliyeingia, na soja hakudanganya. Waliopiga hawakupitia getini.

Bili ilizidi mishahara yetu sote ya mwezi huo, ya bosi ikiwemo.

Mfumo ule wa simu niliuunganisha mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo na, nikisema ukweli, kwa sababu ya kiburi pia. Nilikuwa nimesoma sana hadithi za wale vijana wa California walioacha chuo wakaunda kompyuta kwa gereji, nikajiambia, mimi je, nimekosa nini? Nilichokosa ni sura ya kwanza ya hadithi yenyewe. Biashara yao ya kwanza haikuwa kompyuta. Ilikuwa vifaa vya kuiba simu.

Kwa hivyo wacha nianze na firimbi.

*

Miaka ya 1950 huko Marekani, shirika la simu la AT&T lilikuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Watu walitaka kupiga simu za masafa marefu, na opareta wa kuziunganisha hawakutosha. Shirika likaamua mitambo ijiunganishie yenyewe. Mtambo wa mji mmoja ulizungumza na mtambo wa mji mwingine kwa milio, na milio hiyo ilipita ndani ya waya ule ule uliobeba sauti za watu wakisalimiana. Mlio wa hertz 2600 ulikuwa na maana moja: laini hii haina mtu, iko tayari kwa kazi nyingine. Wahandisi wa shirika walieleza mambo haya peupe katika jarida lao la kiufundi, mwaka wa 1954 na tena 1960. Maktaba za vyuo zikalinunua. Nani angejisumbua kulisoma?

Joe Engressia hakuhitaji kulisoma. Alizaliwa kipofu mwaka wa 1949, akiwa na sikio lisilokosea noti. Alipokuwa na umri wa kama miaka saba, aligundua kwamba akipiga mluzi wa sauti fulani kwenye simu, simu inakatika. Mtoto mwingine angesahau. Yeye aliendelea kujaribu, na alipofika chuo kikuu huko Florida, alikuwa akiwapigia wenzake simu za mbali bila malipo, kwa mdomo wake tu. Chuo kikamwadhibu.

Wasio na sikio kama lake walipata msaada kwenye nafaka za kiamsha kinywa. Pakiti za Cap'n Crunch zilikuwa na zawadi ya firimbi ya plastiki, na firimbi hiyo ingeweza kutoa mlio wa hertz 2600. Mmoja wa walioitumia, John Draper, alijulikana tangu hapo kwa jina la Captain Crunch. Mbinu ilikuwa hivi. Unapiga nambari isiyolipiwa. Kabla haijajibiwa, unapuliza. Mtambo wa mbali unadhani umekata simu, kwa hivyo unasubiri amri mpya. Unautumia milio ya tarakimu za mahali unapotaka kwenda, nao unakupeleka. Mtambo wa nyumbani, ambao ndio unaohesabu pesa, bado unaamini uko kwenye ile nambari ya bure.

Oktoba 1971, jarida la Esquire lilichapisha makala ya Ron Rosenbaum kuhusu vijana hawa na kifaa chao, kilichoitwa sanduku la buluu. Steve Wozniak aliisoma jikoni kwa mama yake na kabla hata ya kuimaliza akampigia rafiki yake Steve Jobs, ambaye alikuwa bado shule ya upili. Wakaenda maktaba, wakapata orodha ya milio, wakaunda sanduku lao, wakaliuza mlango kwa mlango katika mabweni ya chuo cha Berkeley. Wozniak aliwahi kupiga simu Vatikani akijifanya Henry Kissinger, akiomba kuongea na Papa. Miaka mingi baadaye Jobs alisema kwamba bila masanduku yale, Apple isingekuwepo.

Nilipoisoma hadithi hii mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Vijana wawili wasio na kitu wanalichezea shirika kubwa kuliko serikali nyingi. Nani angeihurumia AT&T?

AT&T yenyewe ilijifunza. Ilielewa kwamba kosa halikuwa mlio wala firimbi. Kosa lilikuwa kwamba amri na soga zilipita njia moja, kwa hivyo yeyote aliyejua kuiga sauti ya mkubwa alitiiwa kama mkubwa. Kuanzia 1976 ilianza kuhamishia amri kwenye njia yake ya pekee, mbali na masikio na midomo ya wateja. Polepole firimbi ikawa mchezo wa watoto tena.

*

Lakini huko Bell Labs, maabara ya AT&T yenyewe, tatizo jingine lilikuwa linabisha hodi. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyoandikwa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell ilijisambaza yenyewe ndani ya intaneti changa ya wakati ule, ikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta. Inakadiriwa ilizilemea kompyuta 6,000. Mpaka siku hiyo, wengi waliokuwa kwenye intaneti waliishi kama majirani wa kijijini: milango wazi, chumvi unaomba kwa sauti.

Baada ya hapo wahandisi walianza kujenga kuta kwa bidii. Jina walilotumia limetoka kwenye ujenzi. Ukuta wa moto ni ule unaowekwa kati ya jengo na jengo ili moto wa jirani usiwe wako. Aliyewahi kuona Gikomba ikiungua, kibanda kikikabidhi moto kwa kibanda, hahitaji maelezo zaidi. Wawili kati ya waliofanya kazi hiyo, Bill Cheswick na Steven Bellovin, walikuwa watu wa Bell Labs, na mwaka wa 1994 walitoa kitabu kilichofundisha kizazi kizima kujenga kuta hizo. Kwa hivyo shirika lililochezewa na firimbi ndilo lililotusaidia kujifunza kufunga mlango.

Kazi ya ukuta wenyewe ni rahisi kuliko jina lake. Kila pakiti ya data inasafiri na bahasha iliyoandikwa: natoka anwani fulani, naenda anwani fulani, nagonga mlango nambari fulani. Ukuta ni soja mwenye orodha. Anasoma bahasha na kuamua: pita, rudi, au nyamaza kana kwamba hakuna mtu nyumbani. Soja mzuri anaanza na sheria moja, kwamba asiye kwenye orodha haingii. Soja mbaya anaanza kwa kuruhusu kila mtu, kisha anaandika majina ya wezi anaowajua. Mwizi mpya hana shida naye.

*

Sasa tuje 1999, kwa sababu mwaka huo mambo matatu yalitokea, na ya tatu ni ya kwetu.

La kwanza, Machi 1999 ulichapishwa utaratibu wa kupiga simu kupitia intaneti uitwao SIP. Badala ya milio, vifaa vinaandikiana ujumbe wa maandishi ya kawaida ambao mtu anaweza kuusoma kwa macho. REGISTER: mimi ni ekstensheni 201, niko hapa. INVITE: nataka kuongea na nambari hii. Mlango wake wa kawaida ni nambari 5060.

La pili, mwanafunzi wa Alabama aitwaye Mark Spencer alikuwa na kampuni ndogo iliyohitaji mtambo wa simu za ofisi. Hakuwa na pesa za kuununua, kwa hivyo aliuandika mwenyewe kama programu, akaupa jina Asterisk na kuutoa bure kwa dunia. Kitu kilichokuwa kabati zima la waya na bei ya gari, sasa kiliingia kwenye kompyuta kuukuu.

La tatu, mwaka huo huo shirika la posta na simu la Kenya lilivunjwa, na Telkom Kenya ikazaliwa ikiwa na haki ya kuwa peke yake katika huduma muhimu kwa miaka mitano. Huo nao ulikuwa ukuta, ingawa uliandikwa na mawakili. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti za Nairobi zilianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isilazimike kuzunguka ng'ambo kwa setilaiti kabla ya kurudi nyumbani. Telkom ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Tume ya mawasiliano ikaamuru kituo kizimwe, na hakikufunguliwa tena rasmi mpaka Februari 2002.

Kupiga simu kwa intaneti pia hakukuruhusiwa. Shangazi yangu ana mtoto Marekani, na anakumbuka cyber moja ya mtaani ambako ulimnong'oneza mhudumu, ukaingizwa nyuma ya pazia, ukavaa hedifoni na kuongea na mwanao kwa bei ya nauli. Sauti ilikatika kama redio ya kijijini. "Lakini nilimsikia akicheka," shangazi husema. Ukiritimba ulipoisha 2004 milango ilianza kufunguliwa, na nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, sauti ikaacha kukatika.

Kwa hivyo nikisifu kuta katika makala hii, msinielewe vibaya. Kuna ukuta unaomlinda mnyonge na kuna ukuta unaomtoza. Shangazi yangu alivuka wa pili, na sioni kosa lake.

*

Turudi ofisini kwangu. SIP ilikuwa imetuletea simu za bei nafuu, lakini ilikuwa pia imefufua kosa la zamani. Amri na soga zilikuwa zimerudi kwenye barabara moja ya umma. Hukuhitaji tena firimbi wala sikio la Engressia. Ulihitaji intaneti, anwani ya ofisi fulani, na nywila.

Mwaka wa 2006 huko Miami, FBI ilimkamata Edwin Pena, aliyejidai muuzaji wa dakika za simu kwa jumla. Aliuza zaidi ya dakika milioni 10 kwa bei ya kutupa, kwa sababu zilipitishwa kwa siri kwenye mitambo ya kampuni nyingine, ambazo ndizo zilizolipa. Kijana aliyemtafutia milango hiyo alifungwa miaka miwili, na baadaye akaeleza kwamba kazi haikuwa ngumu: vifaa vingi bado vilikuwa na nywila za kiwandani. Pena mwenyewe alitoroka, akakamatwa Mexico, akahukumiwa miaka 10.

Mwaka wa 2007 mtaalamu wa usalama Sandro Gauci alitoa zana za kukagua mifumo ya SIP, ziitwazo SIPVicious. Zilikusudiwa wenye nyumba wakague kufuli zao. Wezi nao wakazipenda. Kwa miaka, wenye seva za simu walikuta kwenye kumbukumbu zao mgeni anayejitambulisha kama friendly-scanner, mkaguzi rafiki, akijaribu ekstensheni 100, 101, 102, mbele mpaka itike. Februari 2011, kundi la kompyuta zilizotekwa, zenye anwani kama milioni 3, lilitumia siku 12 kugonga anwani za intaneti nzima likitafuta mlango 5060. Intaneti nzima, jamani. Usijidanganye kwamba ofisi yako ni ndogo, hakuna anayekujua. Hawakujui. Wanagonga tu.

Na mlango wangu ulikuwa wazi. Nilijua maana ya ukuta wa moto. Nilikuwa nimeuwasha siku ya kwanza. Kisha simu zikaanza kufanya ule ugonjwa ambao kila fundi wa mitambo hii anaujua: mteja anakusikia, wewe humsikii. Sababu yake ni hii. Ujumbe wa SIP unataja anwani ya kupokelea sauti ndani ya barua, si kwenye bahasha tu. Rauta inapobadilisha anwani ya ofisi kuwa anwani ya nje, inabadilisha bahasha na kuiacha barua. Mwenzako anasoma barua, anatuma sauti kwenye anwani ambayo nje ya ofisi yako haina maana, na sauti inapotelea gizani.

Dawa ipo. Unauambia mtambo anwani yako ya nje, unaeleza mtandao wa ndani ni upi, unafungua milango ya sauti peke yake, ambayo kwa Asterisk kwa kawaida ni 10000 hadi 20000. Lakini ilikuwa Alhamisi jioni, bosi amesimama nyuma ya kiti changu, mteja anapiga kelele kwenye simu ya mkononi. Nilizima ukuta wote. Sauti ikapita. Bosi akanipiga bega, "Umeiva, kijana." Nikaenda nyumbani nikiwa shujaa. Na ekstensheni 201 ilikuwa na nywila 201.

Wezi huja wikendi kwa sababu wikendi hakuna anayetazama. Pesa zinapatikana hivi. Mtu anakodi nambari za bei ghali katika nchi ambako kupiga kunagharimu sana, na kila dakika inayopigwa humo inampa mgao. Kisha anazipigia mwenyewe, kwa kutumia mtambo wako. Kampuni yako ya simu inailipa kampuni inayofuata, nayo inailipa inayofuata, mpaka pesa zinamfikia mwenye nambari. Utakapoamka Jumatatu, kila mtu kwenye mnyororo huo ana wa kumdai. Umebaki wewe.

Mwaka wa 2014 gazeti la New York Times liliandika kuhusu ofisi ya wasanifu majengo huko Norcross, Georgia, yenye wafanyakazi saba. Wikendi moja ilitosha kuwaletea bili ya dola 166,000 kwa simu za kwenda Somalia, Gambia na Maldives. Kwa matumizi yao ya kawaida, wangehitaji miaka 34 kufikisha bili hiyo. Niliisoma makala hiyo wiki ile ile ya balaa langu, saa nane usiku, na kwa mara ya kwanza kisa cha sanduku la buluu hakikunichekesha. Engressia, Draper na Wozniak walipopuliza, bili ilienda kwa shirika lililoweza kuimeza. Firimbi ni ile ile, mbinu ni ile ile, lakini anayelipa amebadilika. Sasa analipa mtu mwenye wafanyakazi saba. Au tisa.

Bosi hakunifukuza. Alikata mshahara wangu nusu kwa miezi kadhaa na akaomba kampuni ya simu imruhusu kulipa kidogo kidogo. Msichana wa mapokezi, aliyeajiriwa mwisho, hakuongezewa mkataba. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya bili. Hakuna aliyehitaji kusema. Mara ya mwisho kuonana, alinishukuru kwa kumfundisha kuhamisha simu.

*

Siku hizi nafunga mitambo ya simu kwa ofisi ndogo, na ninaandika usiku. Kazi yangu ya kwanza kwa kila mteja ni orodha ya soja. Mlango 5060 unafunguliwa kwa anwani ya kampuni inayotoa laini pekee. Wengine wote kimya. Mfanyakazi anayetaka kupiga akiwa kwake Kitengela au Kisauni anapitia njia ya siri ya VPN, si mlangoni. Nywila ni ndefu na hazina undugu na nambari ya ekstensheni. Anayekosea mara kadhaa anafungiwa na programu ya fail2ban kabla hajakisia tena. Nchi ambazo ofisi haipigi zinazimwa ndani ya mtambo wenyewe, kwa sababu ukuta haumzuii mwizi aliyeingia na laptopu ya mfanyakazi. Na kampuni ya simu inaombwa kwa maandishi iweke kikomo cha matumizi, ili hata haya yote yakishindwa, hasara iwe ya siku moja, si ya mwaka.

Wateja huniuliza kwa nini natumia muda mwingi kwa kitu wasichokiona. Huwa nawafungulia kumbukumbu za seva iliyowashwa jana tu. Wanatazama mistari ikishuka. Mtu fulani, kutoka anwani fulani, mlango 5060. Mwingine. Mwingine tena. Ukuta haujibu, hausemi hata "hapana". Mteja mmoja, mama mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road, alitazama kwa dakika nzima, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa wote wanagonga kwangu?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Na wataendelea kugonga.

"Basi usifungue," akasema, akarudi kwa wateja wake.